Programu ya usanifu ikikugomea: namna ya kuomba msaada ukasaidika

Maombi mengi ya msaada kuhusu programu za usanifu na za kupanga kurasa huja kwa sura moja: "PDF yangu inatoka vibaya, nisaidieni." Anayelisoma ombi hilo anaweza kuwa ameitumia InDesign tangu ilipotoka mwaka 1999, na bado asiwe na la kusema. Hajui kama unatumia InDesign, Scribus au CorelDRAW. Hajui kama "vibaya" ni herufi zilizobadilika, picha zenye ukungu au ukurasa mtupu. Ataanza kukuhoji, utajibu nusu nusu, siku itaisha, na wajuzi wengine watalipita ombi lako kimya kimya.

Kazi kubwa ya kupata msaada hufanyika kabla hujamwuliza mtu yeyote. Mara nyingi jibu lenyewe hujitokeza humo humo.

1. Jua tatizo linakaa wapi

Tatizo linaweza kukaa ndani ya faili, ndani ya programu, ndani ya kompyuta, au kule kazi inakochapishwa. Kila mahali pana mtu wake wa kuulizwa. Ukimpelekea mchapaji tatizo la faili, au ukimlalamikia mtengenezaji wa programu kwa kosa la printa, utapata majibu ya adabu yasiyokufikisha popote.

Anza hivi. Funga kazi yako, fungua hati mpya tupu, andika mistari miwili, weka picha moja, kisha fanya lile lile lililokuwa linagoma. Likifanyika bila shida, programu ni nzima na mkosaji ni faili yako. Likigoma hata kwenye hati tupu, iache faili na uigeukie programu: izime, iwashe upya kompyuta, kisha irejeshe mipangilio ya programu ilivyokuwa mwanzo. Kwa InDesign, Photoshop na Illustrator kwenye Windows, hilo hufanywa kwa kushikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja mara tu unapoiwasha programu; CorelDRAW hutumia F8. Inkscape ina kitufe chake ndani ya Preferences, sehemu ya System. Kumbuka kwamba mipangilio uliyojiwekea itapotea, kwa hiyo kama una njia za mkato za kibodi unazozitegemea, zihifadhi kwanza.

Programu ikiendelea kuganda au kuchora vitu vilivyopasuka-pasuka kwenye skrini, nenda kwenye mipangilio ya utendaji uzime matumizi ya kadi ya grafiki. Tatizo likitoweka, shida yako ni draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi hiyo, wala usihangaike kuiondoa programu na kuisakinisha upya.

Angalia pia faili imehifadhiwa wapi. Kuna watu wanaofanyia kazi faili nzito moja kwa moja kwenye flashi, kwenye diski ya mtandao wa ofisi, au kwenye folda inayojisawazisha na wingu kila sekunde chache, kisha wanashangaa faili inapoharibika. Inakili kwenye diski ya kompyuta yenyewe, jaribu tena, ndipo uendelee.

2. Igawe faili nusu kwa nusu

Ukishajua kwamba mkosaji ni faili, usimtupie mtu kitabu kizima cha kurasa 64 umwambie atafute. Toa PDF ya kurasa 1 hadi 32 peke yake. Ikitoka salama, kosa liko kwenye nusu ya pili. Gawa tena hiyo nusu, na tena, na tena. Kwa kurasa 64, kugawa mara sita kunatosha kukufikisha kwenye ukurasa mmoja wenye balaa.

Ukiufikia ukurasa huo, hifadhi nakala ya faili na uendelee kwa njia ile ile: futa nusu ya vitu vilivyomo, jaribu, rudisha, futa nusu nyingine, jaribu. Mwisho utabaki na kitu kimoja. Kwa kawaida huwa ni picha iliyoharibika, mchoro ulionakiliwa kutoka programu nyingine, au fonti mbovu iliyopakuliwa bure mahali fulani. Fonti za namna hiyo ndizo ningezishuku kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa watumiaji wa InDesign kuna tiba moja inayojulikana sana miongoni mwa wazoefu: hifadhi hati kama IDML, aina ya faili ya kubadilishana hati, ifungue upya hiyo IDML, kisha ihifadhi kama faili mpya ya INDD, aina ya kawaida ya InDesign. Njia hii huijenga hati upya kutoka kwenye maelezo yake, na takataka nyingi zilizojilimbikiza kwa miaka hubaki nyuma. Ijaribu kabla ya kuomba msaada, kwa sababu ni jambo la kwanza utakaloambiwa.

3. Mambo yanayofanana na hitilafu lakini si hitilafu

Kabla hujaandika popote, hakikisha hulalamikii mojawapo ya haya.

Mistari myembamba meupe inayokatiza picha au vivuli kwenye PDF. Vuta skrini karibu mara nne, mara nane. Kama unene wa mistari haubadiliki, au inatokea na kupotea kadiri unavyovuta, basi ni kisomaji cha PDF kinacholainisha kingo za vipande vilivyokatwa wakati uwazi (hali ya kitu kuonyesha kilicho nyuma yake) ulipoondolewa. Kwa kawaida haitokei kwenye karatasi. Ukitaka iondoke hata kwenye skrini, muulize mchapaji kama anapokea PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji inayoruhusu uwazi ubaki ulivyo, PDF/X-1a hairuhusu.

Rangi zilizofifia. Kijani king'aavyo na buluu kali za skrini hazimo kabisa katika uwezo wa wino nne za uchapaji. Hakuna mpangilio wa siri utakaozileta.

Maandishi yaliyokatika mwisho wa fremu. Tazama pembe ya chini ya fremu: kama kuna alama ndogo nyekundu ya kujumlisha katika InDesign, maandishi yapo, ila yamekosa nafasi.

Mandharinyuma ya waridi nyuma ya maneno, pia katika InDesign, humaanisha kompyuta hiyo haina fonti husika. Inkscape haina makelele hayo. Hubadilisha fonti kimya kimya na kukuacha ukishangaa kwa nini bango limeharibika.

Picha yenye ukungu ni suala la hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 1200, kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi, inatosha sentimita 10 tu za karatasi. Ukurasa mzima wa A4 pamoja na ile ziada ya milimita 3 kila upande inayokatwa na kisu unahitaji takriban pikseli 2551 kwa 3579. Picha iliyotumwa kwa programu za mazungumzo ya simu huwa imeshabanwa njiani. Mwombe mwenye picha aitume kama faili, si kama picha.

4. Kusanya vielelezo

Sasa andika mahali mambo haya: jina kamili la programu na nambari ya toleo lake, mfumo endeshi na toleo lake, na kitu cha mwisho kilichobadilika kabla ya tatizo kuanza. Nambari ya toleo hupatikana chini ya Help, kwenye About. Katika Mac iko kwenye menyu yenye jina la programu. Usiandike "toleo jipya kabisa". Jipya la leo ni la zamani mwezi ujao, na jibu litasomwa na watu wengine muda mrefu baada yako.

Toleo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha, ilitoka Machi 2025 baada ya miaka mingi ya tawi la 2, na maelekezo ya zamani hayalingani nayo kila mahali. Faili iliyohifadhiwa na Scribus 1.6 haifunguki katika 1.4. Affinity toleo la 1 haisomi faili za toleo la 2. Kesi nyingi za "faili yangu imeharibika" ni watu wawili wenye matoleo tofauti.

Watumiaji wa InDesign wana zawadi iliyofichwa hapa: shikilia Ctrl, au Cmd kwenye Mac, huku ukibofya About InDesign, na dirisha jingine litafunguka likiwa na historia ya hati, yaani matoleo iliyopitia na mara ilizookolewa baada ya programu kujifunga ghafla. Hati iliyookolewa mara kadhaa na kupita mikono minne si ya kushangaa ikigoma.

Ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno. Usiufasiri. Mtu akiutafuta mtandaoni atautafuta kama ulivyo, na tafsiri yako nzuri haitampeleka popote. Kwa sababu hiyo hiyo, kama unatumia programu iliyo katika lugha nyingine, ibadilishe kwa muda iwe ya Kiingereza unapofuata maelekezo. Inkscape, GIMP na Scribus zina sehemu ya kuchagua lugha ndani ya mipangilio yake. Maelekezo mengi yameandikwa kwa majina ya menyu ya Kiingereza.

Kisha piga picha ya skrini. Kwenye Windows ni kitufe cha Windows, Shift na S. Kwenye Mac ni Cmd, Shift na 4. Mtu anayepiga picha skrini yake kwa simu, ikiwa imepinda na ina mng'ao wa dirisha, anawapa kazi wale anaotaka wamsaidie. Piga dirisha zima, paneli ya leya (tabaka za kazi) na ya viungo vya picha (Links) zikiwa wazi, halafu picha ya pili ya karibu inayoonyesha kasoro. Wengi hukata picha wakabakiza kasoro peke yake, kumbe jibu lilikuwa pembeni, kwenye leya iliyofungwa.

5. Andika swali

Hili ni swali la kawaida:

"Habari wakuu, Scribus inanisumbua kwenye rangi, naombeni msaada ni haraka sana."

Na hili ni swali lile lile baada ya hatua zilizotangulia:

"Natumia Scribus 1.6 kwenye Windows 11. Nina kijitabu cha kurasa 16 cha kuchapishwa kwa rangi nne. Nikitoa PDF/X-4, maandishi meusi ya ukurasa wa 3 na 4 yanatoka yakiwa na wino zote nne badala ya mweusi peke yake. Kurasa nyingine ziko sawa. Maandishi ya kurasa hizo mbili niliyanakili kutoka Word. Nimejaribu kuyawekea staili ya aya upya, haikubadilika. Naambatisha picha ya dirisha na faili ya kurasa hizo mbili. Nifanyeje yarudi kwenye mweusi mmoja?"

Mzoefu akifika kwenye sentensi ya Word ameshapata jibu: maandishi yamekuja na rangi nyeusi ya skrini, ambayo ikigeuzwa kuwa ya uchapaji hugawanyika katika wino nne, na mashine ikiteleza kidogo tu herufi ndogo hupata kivuli. Atakwambia uchague maandishi yote, uyape rangi nyeusi halisi ya hati, na safari ijayo uyaingize kama maandishi matupu.

Swali zuri linasema ulitaka nini, ulifanya nini, ukapata nini. Liweke pia lengo la mwisho. Mtu anauliza jinsi ya kukata picha vipande tisa, kumbe anachotaka ni kuchapisha bango kubwa kwa printa ya A4, na programu yake ina njia ya kufanya hivyo bila kukata chochote.

Ikiwa ulichobonyeza ni cha kijinga, kiseme. Mficha uchi hazai. Na neno "haraka" liache nje. Aliyeko upande wa pili anajitolea, na haraka yako haimhusu.

6. Chagua wa kumuuliza

Kwa chochote kitakachopita kwenye mashine ya uchapaji, wa kwanza ni fundi wa kuandaa faili pale kazi inapochapishwa. Yeye ndiye anayejua anataka PDF ya aina gani, rangi za mfumo upi, ziada ya milimita ngapi. Muulize kabla hujaanza kupanga kurasa. Ajabu ni kwamba watu humkimbilia kila mtu isipokuwa huyu, ambaye jibu lake ndilo pekee litakalohesabika.

Kwa programu yenyewe, anza na msaada ulio ndani yake. Inkscape ina mafunzo kamili chini ya Help, na yanafunguka kama michoro unayoweza kuichezea hapo hapo. Ukishindwa, nenda kwenye jumuiya rasmi ya watumiaji wa programu hiyo. Kwa maswali yenye jibu moja linaloweza kuthibitishwa, sehemu ya Graphic Design ya Stack Exchange, tovuti ya maswali na majibu, ni nzuri, ila wanakata maneno: swali lisiloeleweka hufungwa bila huruma.

Ukiwa na hakika kwamba ni hitilafu ya programu, yaani inajirudia kwenye hati tupu na kwenye kompyuta nyingine, iripoti kwa watengenezaji. Inkscape na GIMP hupokea ripoti kupitia GitLab, mfumo wa mtandaoni wa watengenezaji programu, na Scribus ina mfumo wake. Tafuta kwanza kama imesharipotiwa, kisha orodhesha hatua za kuirudia, moja, mbili, tatu. Programu unayoilipia kila mwezi ina huduma kwa wateja, itumie, umeshailipia.

Maoni kuhusu sura ya kazi ni jambo jingine kabisa. Ukitaka kujua kama jalada limekaa vizuri, waulize wasanifu, na uwaambie linalenga wasomaji gani na litaonekana kwa ukubwa gani.

Roboti za mazungumzo zinasaidia kwa mambo ya jumla, kama kukueleza tofauti ya picha za vekta na za pikseli. Kwenye menyu ziangalie kwa jicho kali: huweza kukutajia amri isiyokuwepo kwa kujiamini kabisa. Ipe nambari ya toleo lako, na usipoiona amri mahali ilipotajwa, usiitafute kutwa; ichukulie kuwa haipo.

Jihadhari na nambari za simu za "huduma kwa wateja" zinazojitokeza kwenye matokeo ya utafutaji. Matapeli huziweka makusudi. Fungua tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, uingie kupitia humo. Usimruhusu mtu usiyemjua kuishika kompyuta yako kwa mbali. Ukilazimika, kaa mbele ya skrini muda wote, na kurasa za benki na barua pepe ziwe zimefungwa.

7. Ukiombwa faili

Usitume faili moja iliyotengwa na picha zake. InDesign na Illustrator zina amri ya Package. Scribus na CorelDRAW zina Collect for Output. Zote hukusanya hati, picha na fonti kwenye folda moja. Fonti ni mali ya mtu na leseni nyingi haziruhusu kuzigawa, kwa hiyo kwa mtu wa nje taja jina la fonti tu, au tatizo lirudie kwa fonti ya bure.

Tuma sehemu ndogo yenye kasoro, si kazi nzima ya mteja. Badilisha majina, bei na nambari za simu kwa maandishi ya kujazia. Kama anayesaidia hana programu yako, tafuta lugha mnayoelewana: IDML hufunguka katika Affinity na Scribus, ilhali INDD haifunguki humo, faili ya Illustrator iliyohifadhiwa ikiwa na PDF ndani yake husomeka kwenye programu nyingi. Wenye faili za Microsoft Publisher wasingoje: Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia ifikapo Oktoba 2026, hivyo zigeuzwe mapema. LibreOffice Draw huzifungua nyingi, ingawa mpangilio utahitaji kunyooshwa.

8. Ukijibiwa

Jaribu pendekezo moja kwa wakati, kwenye nakala. Ukijaribu matatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua lipi lililolimaliza, na mwezi ujao utarudi pale pale. Kisha rudi useme lipi lilifanya kazi. Wazoefu huwakumbuka wanaorudi, na swali lao la pili hujibiwa upesi zaidi.

9. Saa zikiwa zimekwisha

Kuna usiku ambapo kazi inatakiwa asubuhi na hakuna aliyejibu. Toa PDF za kurasa zilizo salama peke yake, ukiuruka ukurasa unaogoma. Ukurasa huo utoe kama picha ya pikseli 300 kwa inchi, au 600 kama una maandishi madogo, ukiwa na ile ziada ya kukatwa. Iweke picha hiyo kwenye hati mpya yenye vipimo vile vile, utoe PDF, kisha uziunganishe zote kwa mpangilio wake. Herufi za ukurasa huo hazitakuwa kali kama za kurasa nyingine, na mweusi wake unaweza kuwa wa wino nne. Mwandikie mchapaji ni ukurasa upi na kwa nini, ili akiona tofauti asisimamishe mashine kukusubiri upokee simu.